Figa Moja Haliinjiki Chungu: Mwalimu Mshauri na Watu wa Nyumbani



Somo hili ni la wanavikundi wa Kisumu, Seme, Kano, Nyakach na wote walio kando ya ziwa. Somo letu mara hii linahusu mwalimu mshauri wa shule, na jinsi yeye na watu wa nyumbani wanavyoweza kushikana mikono ili mtoto asaidike. Tumelichagua kwa sababu tunapotembelea vikundi tunasikia malalamiko ya pande mbili. Wazazi wanasema, "Shule inatuita tu kama kuna deni ama kuna makosa." Walimu nao wanasema, "Wazazi wa siku hizi wametutupia watoto." Katikati ya maneno hayo mawili kuna mtoto, na mara nyingi yeye mwenyewe hajaulizwa kitu.

Somo linahitaji saa moja na nusu hivi. Mmoja anayejua kusoma awasomee wenzake kwa sauti. Msikimbie. Mkifika kwenye maswali simameni mzungumze, hata kwa Kijaluo. Kiswahili chetu kisimzuie mzee yeyote kutoa hekima yake.

SEHEMU YA KWANZA: IGIZO

Chagueni watu wanne: kijana, Dani (nyanya yake), mwalimu wa darasa na mwalimu mshauri. Hawa si watu fulani wa kijiji fulani. Ni hadithi ya kutuanzishia mjadala.

(Darasani, asubuhi. Kijana wa Gredi ya Nane amelala juu ya dawati.)

MWALIMU WA DARASA: Wewe! Hii ni mara ya tatu wiki hii. Unavuta nini? Bangi?

KIJANA: Hapana, mwalimu.

MWALIMU WA DARASA: Chukua barua hii. Usirudi hapa bila mzazi.

(Nyumbani, jioni. Dani anachambua mboga. Kijana ameficha barua ndani ya shati.)

DANI: Umerudi, mjukuu wangu? Mbona uso umekunjika?

KIJANA: Ni uchovu tu, Dani.

DANI: Na usiku unaenda tena ziwani?

KIJANA: Ndiyo. Hakuna mwezi, omena ni nyingi. Nikipata kitu nitaleta unga na sabuni.

DANI: Mungu akubariki. Mama yako huko Nairobi hajatuma chochote.

(Wiki mbili baadaye. Mwalimu mshauri anapiga hodi.)

DANI: Karibu, mwalimu. Kuna nini? Huyu mtoto ameiba?

MWALIMU MSHAURI: Hapana, Dani. Nimekuja kuwasalimu. Sijamwona kijana wetu wiki mbili, nikasema niulize kama kuna mgonjwa.

DANI: Wiki mbili? Na kila asubuhi anavaa yunifomu anatoka!

(Wote wananyamaza. Igizo linaishia hapo.)

Maswali ya kujadili:

1. Mwalimu wa darasa alijua nini juu ya kijana? Hakujua nini?
2. Dani alijua nini? Hakujua nini?
3. Kwa nini kijana alificha barua?
4. Mwalimu mshauri alianza na maneno gani alipofika? Kama angeanza kwa kulaumu, ingekuwaje?
5. Je, mambo kama haya yako kwetu?

SEHEMU YA PILI: TUNAJIFUNZA NINI

Shule iliona usingizi. Nyumbani waliona unga. Hakuna aliyesema uongo, ila kila upande ulikuwa na nusu ya mtoto. Mwalimu alifikiri ni uvivu ama bangi. Dani alifikiri ni baraka. Barua ndiyo ilikuwa daraja peke yake kati ya pande hizo mbili, na ilikabidhiwa mtu ambaye alikuwa na sababu zote za kuificha. Watoto wengi wa pwani yetu hawaachi shule siku moja kwa kuamua. Wanapotelea hapo katikati, kati ya lango la shule na mlango wa nyumba.

Kazi ya mwalimu mshauri ni kuunganisha nusu hizo mbili. Lakini hawezi peke yake. Ndiyo maana wahenga wakasema figa moja haliinjiki chungu. Mafiga yetu ni matatu: shule, nyumbani, na mtoto mwenyewe.

Mwalimu mshauri ni nani?

Wengine wanadhani ushauri shuleni ni jambo la wageni. Si kweli. Wazee wetu Wajaluo walikuwa na siwindhe, nyumba ya mama mzee ambamo watoto, hasa wasichana, walilala na kufundishwa. Mama huyo aliitwa pim. Hakuwa lazima awe ndugu wa damu. Aliwasikiliza, akawasimulia, akawaonya, akajua siri zao. Wavulana nao walikaa na wazee wa kiume kwenye duol, wakiota moto na kusikiliza. Kwa hiyo mtoto alikuwa na mzazi, na tena alikuwa na mtu mwingine mzima wa kumweleza yale asiyoweza kumwambia mzazi. Leo siwindhe zimekwisha, lakini haja ya mtoto haijakwisha.

Katika shule za Kenya, tume ya elimu iliyoongozwa na Bwana Gachathi ilipendekeza mwaka 1976 kwamba kila mwalimu mkuu amchague mwalimu mmoja wa kushughulikia mwongozo na ushauri, na kwamba shule iweke kumbukumbu za kila mwanafunzi, pamoja na hali ya nyumbani kwake. Angalieni hilo: hata wakati huo walijua kwamba huwezi kumshauri mtoto kama hujui anatoka wapi. Kisha mwaka 2001 kiboko kilipigwa marufuku shuleni, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kumwadhibu mwanafunzi kwa kumpiga ama kwa kumtesa akilini. Tangu hapo ushauri ulichukua mahali pa fimbo. Lakini fimbo ilichukua dakika mbili tu. Ushauri unataka muda, na unataka watu wa nyumbani.

Tuelewe pia mipaka yake. Katika shule zetu nyingi, mwalimu mshauri ni mwalimu kama wengine. Ana vipindi vyake vya hesabu ama Kiswahili, ana madaftari ya kusahihisha, na ushauri ni mzigo wa juu. Yeye si daktari, si hakimu, na si mfuko wa karo. Tukimwendea tukidhani atalipa deni ama atamfukuza mwalimu tusiyempenda, tutarudi tumevunjika moyo.

Kwa nini hasa sisi wa ziwani?

Kila mahali pana shida zake, na mwalimu mshauri anayetoka mbali hawezi kuzijua zetu tusipomwambia. Tutaje tatu.

Kwanza, kalenda ya ziwa na kalenda ya shule hazipatani. Kwa kawaida uvuvi wa omena unafungwa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai ili samaki wazae. Ni jambo jema, maana bila hivyo ziwa litabaki tupu. Lakini muhula wa pili unaangukia humo humo. Mama anayeanika omena hana kitu, na shule inataka pesa za chakula na mtihani. Ndipo kijana anatafuta kibarua, na ndipo msichana anajikuta anaahidiwa sabuni, pedi na nauli na mtu mzima mwenye mashua ama pikipiki. Mwalimu asiyejua hayo ataandika tu kwamba mtoto "anakosa shule bila sababu".

Pili, mzazi aliyeandikwa kwenye kitabu cha shule si yule anayelala na mtoto. Ukimwi uliwaacha watoto wengi wa Nyanza mikononi mwa nyanya na shangazi. Wengine wazazi wao wako Nairobi ama Mombasa kutafuta kazi, na wengine wanahama ufuo hadi ufuo, leo Dunga, kesho Mbita, wakifuata samaki. Shule inapiga simu Nairobi, na anayejua kwamba mtoto hakula jana ni Dani, ambaye hana simu.

Tatu, maji. Watu wa Kano na Nyando wanajua mafuriko tangu zamani. Mwaka 2020 ziwa lenyewe lilipanda likawaondoa wengi kwenye makao yao ya ufuoni, wakati ule ule shule zilipokuwa zimefungwa kwa sababu ya korona. Shule zilipofunguliwa kikamilifu Januari 2021, kuna watoto ambao hawakurudi. Wengine walikuwa wamezoea pesa, wengine walikuwa wajawazito, wengine walikuwa wamehama na hakuna aliyewauliza.

SEHEMU YA TATU: JINSI YA KUFANYA KAZI PAMOJA

Hatua ya 1: Tujuane kabla ya shida. Mzazi asingoje barua. Mwanzo wa muhula nenda shuleni, uliza, "Mwalimu mshauri ni nani?" Msalimie. Mwambie nani hasa anamlea mtoto, na nambari ya simu ya jirani anayeweza kufikisha ujumbe. Ikiwa baba amefariki, ama mtoto amehamia kwenu karibuni, sema. Dakika kumi za siku hiyo zinaweza kuokoa mwaka mzima.

Hatua ya 2: Tuulize swali lililo sawa. Mtoto akibadilika, swali letu la haraka ni, "Umefanya nini?" Mshauri mwema anauliza, "Umepatwa na nini?" Swali la kwanza linamfunga mtoto mdomo. La pili linamfungulia. Hata nyumbani tulijaribu hili. Dalili za kuangalia ni hizi: mtoto aliyekuwa mchangamfu amekuwa kimya, alama zimeanguka ghafla, hataki kula, ana vitu vipya ambavyo hamkumnunulia, anaogopa kutumwa kwa mtu fulani, ama analala darasani.

Hatua ya 3: Mwalimu akitutembelea nyumbani, tumpokee kama mgeni wa kawaida. Hakuna haja ya kukimbia kukopa soda. Hakuna haja ya kujitetea. Kaeni chini. Kwanza wazungumze watu wazima peke yao, kisha mtoto aitwe asikie na aseme. Mtoto asisemwe kama hayupo huku amesimama pale pale. Mwalimu naye asije na orodha ya makosa peke yake. Aanze na jambo moja zuri la mtoto. Hakuna mzazi anayefungua moyo kwa mtu aliyekuja kumwaibisha mbele ya majirani.

Hatua ya 4: Tupatane mambo madogo, tuyaandike, na tupange siku ya kuyaangalia tena. Kila figa libebe sehemu yake. Kwa kijana wa igizo letu wangeweza kupatana hivi:

Shule: atarudi darasani kesho bila adhabu, na mwalimu wa hesabu atamsaidia na masomo ya wiki mbili alizokosa.

Nyumbani: Dani hatampokea tena pesa za uvuvi wa usiku. Shangazi aliye karibu ataongea na mama kwa simu ili atume pesa kila mwezi, hata kidogo.

Mtoto: Jumamosi atasaidia kuanika omena mchana, lakini usiku atalala. Akipewa barua ataileta, ama aseme kwa nini hawezi.

Baada ya wiki mbili wakutane tena, hata kwa dakika tano njiani kutoka kanisani. Mapatano yasiyofuatwa ni kama mbegu iliyotupwa barabarani.

Hatua ya 5: Tulinde siri ya mtoto. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Mtoto amemwambia mshauri jambo zito, mshauri akamwambia mzazi bila kujiandaa, mzazi akachukua fimbo. Mtoto huyo hatasema tena, na wenzake wote watajua kwamba mlango ule si salama. Kwa hiyo kanuni ni hii: mshauri amwambie mtoto kwanza ni jambo gani litafikishwa nyumbani na kwa nini, na amuulize angependa liambiwe nani. Pengine atasema, "Mwambie shangazi, si baba." Mzazi asiulize, "Amesema nini juu yangu?" Aulize, "Nifanye nini ili asaidike?" Na sisi wanakikundi tukisikia habari za mtoto wa mtu, zisifike kisimani wala sokoni Kibuye.

Mambo ambayo si ya kunyamaza

Siri ina mpaka. Mtoto akiwa hatarini, mshauri hana ruhusa ya kunyamaza, na sisi pia hatuna. Aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Mtu mzima akimwingilia, ni kosa la jinai kwa Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006, hata kama alimlipia karo, hata kama ni ndugu, hata kama ni mwalimu ama mtu wa kanisa. Jambo hili halimalizwi nyumbani kwa ng'ombe ama kwa bahasha. Mtoto apelekwe hospitali upesi kabla ya kuoga, maana dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi inatakiwa ianze kabla ya saa 72 kwisha, na mapema zaidi ni bora. Kisha polisi na afisa wa watoto waarifiwe. Simu ya bure ya kusaidia watoto ni 116. Akiwa mkosaji ni mwalimu, TSC, tume inayoajiri walimu, iarifiwe pia.

Na msichana akipata mimba, tusiseme shule imekwisha. Tangu 1994 Kenya imekuwa na mpango wa kuwarudisha shuleni wasichana waliojifungua, na mwaka 2020 Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo mpya wa kuwarudisha wanafunzi walioacha masomo. Mzazi aende kwa mwalimu mkuu na mwalimu mshauri pamoja na binti yake, wapange ni lini atapumzika, nani atamlea mtoto mchanga, na atarudi lini. Hasira ya baba tunaielewa. Lakini tukimfukuza msichana nyumbani baada ya dunia kumfukuza, ataenda wapi?

SEHEMU YA NNE: KIKUNDI CHETU KIFANYE NINI

Kikundi hakichukui mahali pa mzazi, wala si polisi wa kuchunguza nyumba za watu. Kinaweza kusaidia hivi:

a) Kuwe na wanakikundi wawili, mwanamke na mwanamume, watakaomwendea mwalimu mkuu na kusema, "Kuna nyanya ambao hawasomi wala hawawezi kutembea. Barua yao ikitoka, tupigieni simu tuwapelekee." Nyanya wenyewe wakubali kwanza.

b) Mzazi anayeogopa kwenda shuleni asindikizwe. Wengi wetu hatukumaliza shule, na lango lile bado linatutetemesha.

c) Kwenye nyoluoro, tenga kiasi kidogo kila mkutano kuanzia Agosti hadi Machi, wakati omena ipo. Kisanduku hicho kifunguliwe muhula wa pili tu, kwa pedi, unga na daftari. Hata kikiwa kidogo kinaziba ule mlango ambao wadanganyifu huingilia.

d) Tuongee na kamati ya ufuo, BMU, ili mashua yoyote isimchukue mwanafunzi kufanya kazi usiku. Mwenye mashua naye ni mzazi.

e) Kila darasa lina mwakilishi wa wazazi kwenye Chama cha Wazazi cha shule. Tumjue ni nani, na tumwombe mkutano wa wazazi usiwe wa pesa peke yake. Mwalimu mshauri apewe nusu saa aongee.

NENO LA MUNGU

Someni 1 Samweli 2:18-21 na 3:1-10.

Samweli alikuwa kijana aliyeachwa Shilo alelewe na kufundishwa na mzee Eli. Hana, mama yake, hakusema, "Sasa ni mtoto wa Eli." Kila mwaka alipanda na mumewe, akamletea kanzu ndogo aliyomshonea. Ili kanzu imtoshe, ilimpasa mama ajue mtoto amekua kiasi gani. Naye Eli, usiku ule Samweli aliposikia sauti, mara mbili alimwambia arudi kulala. Mara ya tatu ndipo akaelewa kwamba kuna jambo. Hakumchapa kwa kumsumbua usingizini, bali alimfundisha namna ya kujibu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 juu ya elimu, unatukumbusha kwamba wazazi ndio walimu wa kwanza wa watoto wao. Wa kwanza, lakini si wa peke yao.

Maswali ya mwisho:

1. Hana aliendelea vipi kuwa mzazi ingawa mtoto alikuwa mbali?
2. Kuna mtoto gani kijijini kwetu ambaye ametuamsha mara mbili nasi tukamwambia arudi kulala? (Msitaje jina. Mfikirie kimya kimya.)
3. Kati ya mambo a) hadi e), tutaanza na lipi? Nani atalifanya, na lini?

Katibu aandike jibu la swali la 3 kwenye kitabu cha kikundi. Kabla ya mkutano ujao, kila mmoja mwenye mtoto shuleni awe amejua jina la mwalimu mshauri wa shule hiyo na awe amemsalimia. Mkutano utaanza kwa kila mtu kulitaja jina hilo.

Sala: Bwana Yesu, uliyekua katika nyumba ya Maria na Yosefu, nao wakakutafuta siku tatu hadi wakakukuta hekaluni kati ya walimu, utusaidie kuwatafuta watoto wetu kabla hawajapotea. Uwape walimu subira, utupe wazazi ujasiri wa kwenda na kuuliza. Amina.